Slabu ya duara: gawa kipenyo kwa mbili kabla hujaenda kununua sementi

Mwaka juzi nilinunua mifuko 12 ya sementi kwa kazi ya mifuko mitatu. Fundi alivyofika akaangalia rundo la mifuko, akaangalia kaduara nilikochora chini kwa chokaa, akaniuliza, "Bosi, tunapandisha na ghorofa?"

Kazi yenyewe ilikuwa slabu ya kukalishia tenki la maji, duara la kipenyo mita 2.4, unene sentimita 10, basi. Hesabu nilipiga mwenyewe usiku kwenye simu, na fomula naikumbuka vizuri tu tangu shule, pai mara r mara r, ila kwenye r nikaweka 2.4 yote, kipenyo kizima, nikapata mita za mraba 18 na wala sikushtuka. Ilitakiwa niweke nusukipenyo, 1.2. Ukizidisha 1.2 kwa 1.2 ni 1.44, mara 3.14 inakuja kama 4.5. Yaani ukisahau kugawa kwa mbili jibu linatoka kubwa mara nne, maana hiyo namba inajizidisha yenyewe, ndo maana hasara yangu ilinenepa vile. Zege la moja-mbili-nne (sementi moja, mchanga mbili, kokoto nne) linakula mifuko sita na kitu kwa mita moja ya ujazo, we piga mwenyewe.

Sa hivi sipigi hesabu ya duara bila kuchora boksi kwanza. Duara likikaa ndani ya mraba unaoligusa pande zote nne, linachukua robo tatu ya huo mraba na kidogo zaidi, asilimia 78 na nusu hivi. Kwa hiyo zidisha kipenyo kwa kipenyo, 2.4 mara 2.4 ni 5.76, robo tatu yake 4.3, ongeza kidogo, umefika. Hata kichwani unaweza. Ningefanya hivyo siku ile ningejua 18 haiwezekani, duara litazidije boksi lililolibeba?

Wamisri wa kale nao walikuwa na ya kwao, kipenyo unakigawa sehemu tisa, unatoa moja, zile nane unazizidisha zenyewe kwa zenyewe. Nimeijaribu kwa slabu yangu nikapata 4.55. Hawa watu hawakuwa na kalkuleta jamani!

Tatizo lingine ni kupima. Kama duara unachora mwenyewe, kigingi katikati na kamba, ile kamba ndo nusukipenyo na hakuna shida. Lakini ukikuta duara limeshajengwa katikati hupajui, na wengi hapo wanakisia. Mtu mmoja ashike mwanzo wa futi ukingoni asisogee, wewe tembea na futi upande wa pili huku unasoma, namba kubwa kuliko zote ndo kipenyo. Rudia ukianzia sehemu nyingine, maduara ya mtaani mengi yamebonyea kidogo, chukua wastani. Na kama kuna kitu kimesimama katikati, tenki lenyewe kwa mfano, zungusha kamba upate mzingo, uzidishe wenyewe kwa wenyewe halafu gawa kwa 12.6. Langu mzingo ni mita 5.65, kwa hiyo kitako chake ni kama mita za mraba 2.5.

Binti yangu alitaka kujua hiyo fomula imetoka wapi, nikachukua chapati (ya jana, mama yake asinione), nikaikata vipande vyembamba vya pembetatu, nikavipanga kimoja ncha juu kimoja ncha chini. Inatokea kama mstatili, urefu wake nusu ya mzingo, upana nusukipenyo. Akaelewa kabla sijamaliza, akala ushahidi.

Ile mifuko tisa iliyobaki, masika yalipoingia saba iliganda jiwe. Iko nyuma ya nyumba hadi leo, mama watoto anaanikia masufuria juu yake.