Maswali ya Wasomaji: Bampa la Mbele, Faiba au Plastiki?

SWALI: Ndugu mshauri, bampa la mbele la Subaru Impreza yangu limevunjika baada ya kugonga ukingo wa mtaro. Fundi wa bodi ananishauri ninunue la faiba lenye umbo la magari ya mashindano kwa kuwa bei yake ni nafuu kuliko jipya la plastiki. Fundi mwingine anasema faiba haifai kabisa. Gari nalitumia kila siku kwenda kazini, na mara chache nasafiri hadi Dar es Salaam. Nichague lipi? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kwa matumizi hayo ningekushauri utafute kwanza bampa la plastiki, hata likiwa la mtumba kutoka Japani lenye mikwaruzo. Sisemi kwamba faiba ni kitu kibaya; nasema kwamba bampa lako lilivyovunjika ndivyo litakavyogongwa tena. Ukingo wa mtaro, tuta lisilo na alama na jiwe la maegesho huligusa bampa kwa chini gari likiwa katika mwendo mdogo, na katika mguso wa namna hiyo plastiki ya kiwandani hupinda kisha hurudi mahali pake, ilhali faiba, ambayo ni nyuzi za kioo zilizogandishwa ndani ya resini (kimiminika kama gundi kinachokauka kikawa kigumu), hupinda kidogo tu kabla ya kupata nyufa au kumeguka kona nzima.

Plastiki ya mabampa mengi ya kiwandani ni polipropilini iliyochanganywa na mpira na unga wa talki. Ligeuze bampa lako la zamani utazame upande wa ndani, na huenda ukakuta herufi zilizochapwa katika plastiki yenyewe, kwa mfano PP+EPDM-TD20, yaani polipropilini yenye mpira wa aina ya EPDM na talki ya asilimia 20. Toyota wana mchanganyiko wao wa jamii hiyo hiyo unaoandikwa TSOP. Ukikuta ABS, hiyo ni plastiki ngumu zaidi, inayoshika rangi vizuri lakini inayopasuka mapema. PUR ni poliyurethani, ambayo hupinda sana bila kuvunjika, ila ni nzito, na ikiwekwa vibaya stoo yenye joto hupoteza umbo lake.

Bampa lisilo na alama lichunguze kwa makini, kwa maana kuna wauzaji ambao kila kinachong'aa kwao ni "plastiki ya Japani". Upande wa ndani ukionyesha nyuzinyuzi zinazowasha mkono, hiyo ni faiba, hata kama imepakwa rangi nyeusi. Unaweza pia kukwangua kipande kidogo sehemu isiyoonekana ukakitia ndani ya maji: kikielea, ni cha jamii ya polipropilini, kikizama, usiamue bado, kwa sababu talki ikiwa nyingi huizamisha hata polipropilini.

Faiba ina nafasi yake. Kwa gari ambalo spea zake zimeadimika, au kwa mtu anayetaka umbo ambalo kiwanda hakikulitengeneza, mara nyingi ndiyo njia pekee yenye bei inayovumilika, na ikipasuka fundi yeyote mwenye resini, hadina (dawa ya kuigandisha resini) na kitambaa cha nyuzi huiziba kwa urahisi. Tatizo ni kwamba nyingi hutengenezwa kwa mkono juu ya kalibu, tabaka baada ya tabaka, hivyo unene wake haulingani na matundu ya skrubu hayakutani na ya gari. Ukiamua kuinunua, usikubali ipigwe rangi kabla haijajaribiwa kwenye gari, taa zote mbili zikiwa mahali pake na boneti ikiwa imefungwa. Bei nafuu uliyotajiwa ijumlishe na kazi ya kusugua, kujaza na kulazimisha mianya ilingane. Mara nyingi tofauti yake na plastiki ya mtumba hutoweka hapo.

Plastiki nayo ina sharti lake katika rangi. Polipropilini haishiki rangi kirahisi. Isipopigwa msasa laini, ikasafishwa mafuta na kupakwa praima (rangi ya msingi) maalumu ya plastiki kabla ya praima ya kawaida, rangi itabanduka vipande vikubwa, pengine siku ya kwanza utakapopeleka gari kuoshwa kwa pampu ya maji yenye nguvu. Muulize fundi atatumia praima gani, na akikujibu kwamba rangi ni rangi tu, tafuta mwingine.

Jambo la mwisho, ambalo mafundi wote wawili hawakukugusia: bampa unaloliona ni ganda tu. Nyuma yake kwa kawaida kuna povu gumu na boriti ya chuma au alumini, na hivyo ndivyo vinavyopokea mgongano. Povu likiwa limepondeka au boriti imepinda, ganda jipya la aina yoyote litaficha tu udhaifu huo. Vikaguliwe sasa, bampa likiwa bado chini.

SWALI: Bampa la Probox yangu lilipasuka, fundi akabandika faiba kwa ndani. Baada ya wiki chache ikabanduka yote. Je, alitumia resini mbovu? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Huenda resini haina kosa. Resini ya poliesta haishikani na polipropilini, kama vile rangi isivyoshikana nayo. Ufa wa bampa la aina hiyo huchomelewa kwa joto kwa kutumia ufito wa plastiki ya jamii ile ile, na kwa ndani huzamishwa pini za chuma zilizopashwa moto ili kuuimarisha. Wanaoshona kwa waya, ingawa mshono wao hauvutii, angalau hushikilia mpaka upate bampa jingine. Sehemu za kufungia bampa kwenye gari zikiwa zimekatika, usitumie fedha kulikarabati.

SWALI: Nataka kuweka bampa la chuma kwenye Prado yangu. Kuna ubaya? — Msomaji, Mwanza

JIBU: Kwa safari za mjini, upo. Chuma kisichobonyea huhamishia nguvu ya mgongano kwenye chesi, kinaweza kuvuruga mpangilio wa vihisio vya mifuko ya hewa, na humdhuru zaidi mtembea kwa miguu anayegongwa. Ikiwa unapita mara kwa mara njia za porini zenye wanyama, au unahitaji winchi (mashine ya kuvutia gari lililokwama), nunua lililoundwa mahususi kwa toleo la gari lako, ambalo mtengenezaji ameeleza wazi kwamba linaafikiana na mifuko ya hewa, na usikubali litungwe gereji na kuchomelewa moja kwa moja kwenye chesi. Likishafungwa, kagua springi za mbele na urekebishe mwelekeo wa taa, kwa kuwa uzito huo utalishusha gari upande wa mbele.