Herufi zimejirudia kwenye sarafu: ni kosa la thamani?
Umesema tarehe na herufi za sarafu yako zinaonekana mara mbili. Chukua lenzi uutazame ule mwandiko wa pili. Ukiwa umeinuka sawa na wa kwanza, na ncha za herufi zimegawanyika, huenda muhuri wa kuchapia wenyewe ulikuwa na kosa, kama ilivyokuwa kwa baadhi ya senti za Marekani za 1955. Hiyo ni mali. Ukiwa bapa kama kingazi kidogo, muhuri ulicheza tu wakati wa kugonga. Sarafu za namna hiyo ziko tele, wala hazina bei ya ziada. Na ukiokota senti ya Marekani ya 1943 yenye rangi ya shaba, ijaribu kwa sumaku, maana za mwaka huo karibu zote zilikuwa za chuma: ikinasa, ni ya chuma, imepakwa shaba tu. Tafadhali usiisugue sarafu yako! Sarafu iliyosuguliwa hushuka bei hata kosa lake likiwa halisi.