Maabara ya mtandao chumbani: majibu kwa wanaosomea CCNA

Safari hii nimekusanya maswali ya wanaojiandaa na CCNA 200-301, mtihani wa cheti cha mitandao wa kampuni ya Cisco, wakiwa nyumbani. Mengi ni ya vifaa, ingawa swali ninalolipenda kuliko yote ni la msomaji wa Mwanza, na jibu lake ndilo refu.

Mwanafunzi, Morogoro: Kaka, laptopu yangu ina RAM ya 4GB na mfukoni sina kitu. Nasubiri hela ya ruta mbili na swichi ndipo nianze. Nakosea?

Usisubiri, mdogo wangu. Pakua Packet Tracer, programu ya Cisco wenyewe ya kuigiza mitandao kwenye kompyuta. Ukijisajili Networking Academy unaipata bure. Kwa 4GB itafanya kazi, ila funga Chrome kwanza. VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi moja), OSPF (ruta kujulishana njia), NAT (kubadilisha anwani mpakani), ACL (orodha za kuruhusu au kuzuia), vyote utavifanyia mazoezi humo. Mtihani peke yake ni dola 300 kabla ya kodi, kwa hiyo hela ya kwanza utakayopata iweke huko.

Msomaji, Mombasa: Nimeona Catalyst 2960 ya mtumba kwa bei nzuri. Nikague nini kabla ya kulipa?

Soma modeli yote, usiishie kwenye 2960. Yenye 24TT ni ya kawaida. Yenye 24PC ina PoE, yaani inapeleka umeme kwa simu na kamera kupitia kebo ya mtandao, na feni zake zinanguruma. Ukiiweka chumbani hulali. Mimi napendelea ile ndogo ya bandari 8, 2960-8TC-L, kwa kuwa haina feni kabisa.

Nenda dukani na laptopu, kebo ya konsoli (ile bapa ya samawati) na adapta ya USB, maana laptopu za sasa hazina tundu la siriali. Fungua PuTTY (programu ya kuongea na swichi kwa kuandika), weka kasi 9600, washa swichi, usome inachoandika ikiwa inaamka. Isipoandika chochote, iache hapo hapo. Ikiishia kwenye `switch:` bila kuendelea, huenda IOS, yaani programu endeshi ya swichi, haipo au imeharibika, na bei lazima ishuke.

Ikikuomba nywila, usikubali kutozwa hela ya kuifungua. Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha Mode na uendelee kukishikilia huku ukirudisha umeme. Ikifika kwenye `switch:` andika `flash_init`, kisha `rename flash:config.text flash:zamani.text`, halafu `boot`. Itaamka bila nywila. VLAN za ofisi ilikotoka zitakuwa bado zimo kwenye faili la `vlan.dat`, nalo lifute, kisha uiwashe upya.

Kumbuka 2960 haiendeshi OSPF. Kwa hilo utahitaji ruta.

Msomaji, Nairobi: Rafiki amenipa faili za IOS niweke kwenye GNS3. Ni sawa?

GNS3, programu ya kuigiza mitandao kwenye kompyuta, ni bure, IOS siyo; faili hizo zina leseni, na mimi sizitumii. Cisco wanatoa toleo la bure la CML, programu yao ya maabara za kuigiza, linalokuruhusu kuwasha nodi (vifaa vya kuigiza) 5 kwa wakati mmoja. Linataka kompyuta yenye RAM ya kutosha, 8GB kwenda juu.

Msomaji, Mwanza: Nimefuata video zote na kila maabara niliyojenga inafanya kazi. Lakini nikiambiwa nitafute kosa, nashindwa. Kwa nini?

Kwa sababu mtandao haujawahi kukufia mikononi, dada. Video inakufundisha kujenga kitu kizima. Kutafuta kosa kunataka uwe umekiona kikiwa kibovu na unajua kilivyoharibika.

Jaribu hivi. Weka swichi mbili na trunk kati yake (kiungo kimoja kinachobeba VLAN nyingi), ruta moja, VLAN 10 na 20. Hakikisha ping inapita pande zote. Sasa ongeza VLAN 30 kwa haraka kama fundi anayewahi daladala: ingia kwenye trunk, andika `switchport trunk allowed vlan 30`. VLAN 30 itapita. Zile 10 na 20 zitakatika papo hapo, kwa sababu amri hiyo haiongezi kitu. Inafuta orodha yote na kuacha 30 peke yake. Ya kuongeza ni `switchport trunk allowed vlan add 30`. Neno `add` likisahaulika kazini, ghorofa nzima inakosa mtandao.

Usirekebishe bado. Andika `show vlan brief`: VLAN zote zipo, bandari ziko mahali pake, kila kitu kinaonekana salama. Sasa andika `show interfaces trunk`, usome safu ya VLAN zinazoruhusiwa kwenye swichi ya kwanza, kisha ya pili. Kosa lako liko hapo, kwenye namba moja iliyobaki.

Ukimaliza, nenda OSPF, kwa ruta mbili zilizounganishwa. Kwenye ruta moja badilisha muda wa hello (ujumbe ambao ruta hutumiana kuonyesha zipo hai) kutoka sekunde 10 hadi 5, ya pili iache ilivyo. Baada ya muda mfupi ujirani unavunjika, lakini ping kati ya ruta hizo mbili bado inapita, na hapo ndipo wengi hupotea. Bora zaidi, mpe mwenzako faili la Packet Tracer aharibu kitu kimoja bila kukuambia, akurudishie kwa WhatsApp.

Msomaji, Unguja: Nilichomeka swichi ya maabara kwenye ruta ya nyumbani, familia yote ikakosa intaneti.

Inaelekea DHCP ya maabara yako, huduma inayogawa anwani zenyewe, ilianza kuzigawa kwa simu za nyumbani. Weka ruta ya maabara katikati: upande wa nje uchukue anwani kwa `ip address dhcp`, ndani utumie 10.10.0.0/16, na NAT ifanye kazi mpakani.

Msomaji, Dodoma: Watoa intaneti wadogo huku wanatumia MikroTik. Nasoma CCNA bure?

Hapana. VLAN za 802.1Q (kiwango cha kuweka lebo za VLAN) na OSPF ni zile zile. Kinachobadilika ni amri. MikroTik wanatoa CHR, ruta yao ya programu, bure, kasi imebanwa 1Mbps kwa kila bandari, nayo inatosha kabisa kwa mazoezi. Iweke kwenye GNS3, au kama unayo ruta halisi ya Cisco iunganishe nayo, uzifanye kuwa majirani wa OSPF. Ujirani ukikwama kwenye ExStart, hatua ya kuanza kubadilishana taarifa, linganisha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) za pande zote mbili kabla hujagusa kitu kingine.