Muulize Makanika: Pikapu yapiga du-du-du nyuma

SWALI: Assalamu alaykum fundi. Nina pikapu ya Toyota Hilux yenye springi za majani nyuma, nachukulia mawe na saruji kutoka Malindi hadi Mambrui. Mwaka jana niliiinua nyuma kwa vyuma vya inchi mbili, vimekaa kati ya ekseli na springi. Tangu hapo, nikiondoka penye mchanga au mlima wa changarawe bila mzigo, nyuma yatwanga du-du-du mpaka niachie mafuta. Nimebadilisha shokomzoba zote mbili, bado. Rafiki aniambia niongeze majani mawili. Je, niongeze?
Msomaji, Mambrui

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Usiongeze jani lolote kwanza.

Unapoachia klachi, difu (zile gia za katikati ya ekseli ya nyuma) inayasukuma matairi mbele, na gamba la ekseli nalo lataka kujizungusha kinyume. Pua ya difu, pale propela, shafti inayoleta nguvu kutoka mbele, inapoingia, inapanda. Kwenye gari la springi za majani hakuna mkono mwingine wa kuizuia ila springi yenyewe, basi majani yanapindika kama herufi S. Tairi likiteleza, nguvu inakatika na springi inajinyoosha kwa kishindo. Tairi likishika tena, inapindwa upya. Ndiyo hiyo du-du-du yako. Bila mzigo inazidi kwa sababu tairi halina uzito wa kuligandamiza chini.

Sasa vyuma vyako. Vimeiweka springi mbali na ekseli, wenzo ukarefuka: nguvu ni ile ile, msokoto umeongezeka. Vitoe. Ukitaka gari lisimame juu, peleka springi zikunjwe upya kwa fundi anayejua kazi hiyo.

Ukishavitoa, tafuta kilicholegea. Niliwahi kupokea pikapu ya mvuvi wa Ngomeni, ugonjwa huu huu, na mwenyewe ameshatumia pesa nyingi kwa shokomzoba. Nilipofungua yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, nikakuta kikalio cha springi kinang'aa kama sarafu mpya, tundu la senta bolti (bolti ya katikati inayoshika majani pamoja) limerefuka kama yai, na pembeni vumbi jekundu la kutu. Ekseli ilikuwa ikitembea juu ya springi! Chumvi ya pwani yetu ndivyo ifanyavyo: nati inagandishwa na kutu, ukiijaribu kwa spana waona imekaza, kumbe yubolti imelegea zamani. Weka yubolti mpya na senta bolti mpya, kaza kwa kukingamisha, yaani pembe kwa pembe, kisha rudia kukaza baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Bushi, ule mpira wa ndani ya jicho la mbele la springi, iangalie pia. Bolti yake ikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa juu ya jeki, la sivyo mpira unakaa umepindwa na kuchanika mapema.

Ukitaka kuona kwa macho yako, funga simu chini ya chesisi ikielekea pua ya difu, iwashe kurekodi, kisha ondoka pale pale panaporuka. Usimlaze kijana chini ya gari kuangalia, nakusihi.

Kama bado inaruka, ndipo tunaishika nusu ya mbele ya springi, kwa kuwa hapo ndipo ekseli inapojizuia. Jani fupi liongezwe upande wa mbele tu, au kuwekwe bomba la kuzuia msokoto kutoka ekseli hadi chesisi. Bomba hilo lazima mwisho mmoja uwe na kiungo kinachocheza. Nimeona mabomba yaliyochomelewa moja kwa moja pande zote mbili. Springi haiwezi kufanya kazi, na kinachovunjika ni kishikio au chesisi. Na moto wa kuchomelea usifike kwenye majani yenyewe, chuma chake kitaharibika.

Hata viwandani walilijua tatizo hili. Chevrolet Camaro ya 1967 ilitoka na springi ya jani moja na ikasifika kwa kurukaruka. Ya 1968 wakaweka shokomzoba moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma, zikawa zinapinga ule msokoto. Kwa hiyo shokomzoba zako mpya hazikupotea bure, ila zenyewe peke yake hazitoshi kushika ekseli iliyolegea.

Majani mawili ya rafiki yako yatafanya pikapu ngumu, na bila mzigo itakutupa kwenye kila shimo. Anza na vyuma vile na yubolti, kisha unitumie ile video.