Ndege ya karatasi inayoinua pua kisha kuporomoka

Pole dada. Umesema ndege ya mwanao inainua pua, inasimama hewani, kisha inaporomoka, na ulipoibana klipu mbili katikati haikutulia. Shida ni mahali ulipoweka uzito. Karatasi ya A4 ya kawaida ina gramu 5 hivi, kwa hiyo klipu mbili ni mzigo mkubwa kwake. Toa zote, bana moja ndogo puani. Kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapokaa sawa ukiiweka juu ya kidole, kikiwa mbele kidogo ya pale hewa inapoyabeba mabawa, pua ikiinuka hujishusha yenyewe.

Ikianza kupiga mbizi, usiongeze kitu. Kunja kingo za nyuma za mabawa zielekee juu kidogo tu, ujaribu tena. Badilisha kitu kimoja kila mara, la sivyo hutajua kilichosaidia. Mabawa nayo yainuke kidogo kama V. Hiyo hupunguza kuyumba.

Hapa Mwanza upepo wa ziwa mchana huharibu majaribio. Mimi na wanangu tulirusha asubuhi mapema. Msiweke pini puani, macho ya watoto yako karibu! Wala msirushie juu ya mawe ya Capri Point: mtoto anayeifukuza ndege haangalii anapokanyaga.