Maji yanatoka kinyonge kwenye boti? Fanya jaribio la ndoo kabla ya kununua pampu

Mkuu, nimekusoma. Bomba la sinki na shawa vyote vinatoa maji kinyonge, pampu ya volti 12 inanguruma muda wote hata ukifunga mabomba, na umeshaanza kupiga hesabu ya kununua pampu kubwa zaidi. Subiri kwanza. Nimehangaika na mifumo hii kwenye boti yangu na za jamaa wanaoniita niwaangalizie, na mara nyingi pampu huwa inasingiziwa tu. Kuna kitu inanyimwa: ama maji, ama umeme.

Ingekuwa ni bomba moja tu linalosumbua, ningekwambia ufungue kile kichujio kidogo cha mdomoni, ukiloweke kwenye siki usiku kucha, basi. Ingekuwa maji baridi yanakuja vizuri na ya moto ndiyo dhaifu, ningekutuma kwenye hita, kwa sababu vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma huganda, na ile ya kuchanganya moto na baridi hujaa chokaa. Kwako ni kote, kwa hiyo tunaangalia njia kuu.

Anza na ndoo. Zima swichi ya pampu, fungua bomba presha iishe, kisha chomoa mpira unaotoka kwenye tangi pale unapoingia kwenye chujio la pampu. Unganisha kipande kifupi cha mpira mgumu, kitumbukize kwenye ndoo ya maji safi, washa. Maji yakitoka kwa nguvu bombani, pampu ni nzima na ugonjwa uko kati ya tangi na chujio. Yakibaki vilevile, tangi halina kosa. Jaribio hili linagawa mfumo mara mbili kwa muda mfupi, na sijui kwa nini watu wanaliruka.

Tuseme ndoo imekupa maji mazuri. Mshukiwa wa kwanza ni hewa, na hewa ina hila yake: upande wa kufyonza hauvuji maji nje, unavuta hewa ndani. Utapapasa maungio yote uyakute makavu, useme hapa pako salama, kumbe ndipo penyewe. Dalili ni bomba kukohoa na kutema, na pampu kushindwa kufika presha ya kujizima. Kaza klipu zote za upande huo. Chujio lenyewe lilikuwa bado njiani wakati wa jaribio la ndoo, kwa hiyo linashukiwa zaidi ndoo isipobadilisha kitu, lakini likague vilevile: fungua mfuniko wake, ambao mara nyingi ni wa plastiki angavu, uitazame oringi yake, ile duara ya mpira inayoziba. Ikiwa imekauka au imebonyea upande mmoja, badilisha. Ikiwa bado nzima, ipake grisi ya silikoni. Grisi ya gari huvimbisha baadhi ya mpira, na haifai kugusana na maji ya kunywa. Wavu wa chujio nao usuuze ukiwa hapohapo.

Kama maji huja vizuri tangi likijaa na hulegea likifika nusu, angalia bomba la kufyonzea lililo ndani ya tangi. Likipata ufa katikati, maji yakiwa juu ya ufa huoni kitu. Yakishuka chini yake, pampu inavuta hewa. Ukiwa hujui dalili hii unaweza kubomoa boti nzima.

Kuna na tundu la kupumulia la tangi. Acha pampu ifanye kazi kidogo, kisha fungua mfuniko wa kujazia maji. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na bomba likapata nguvu ghafla, tundu limeziba kwa chumvi au wadudu. Tazama pia kama mpira wa kufyonza ni laini: ukitumika mpira usio na uti ndani, hujibana wenyewe pampu ikivuta, hasa penye kona.

Sasa tuseme ndoo haikubadilisha kitu. Kagua kwanza lile chujio na oringi yake kama nilivyosema, kisha chukua multimita, yaani kipima umeme, na hapa wengi wanakosea: wanapima betri, wanaona volti 12.6, wanaridhika. Pima kwenye nyaya za pampu yenyewe, bomba likiwa wazi na pampu ikizunguka. Hesabu yake ni rahisi. Pampu inayovuta ampea 8, kwa waya wa milimita mraba 1.5, umbali wa mita 6 kwenda na 6 kurudi, inapoteza volti 1 na ushee njiani, na hapo bado hujaweka kiungio chenye kutu. Pampu itazunguka, ila kwa uvivu, na huenda isifike presha ya kuzima swichi yake. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye hasi ya pampu wakati inafanya kazi: volti yoyote unayoiona hapo ni hasara ya waya huo. Fanya hivyohivyo kwa chanya. Mara nyingi ni kiungio kilichobanwa vibaya karibu na ngama (chini kabisa ya boti, maji yanakokusanyika), shaba imegeuka kijani, na ukikishika kina joto.

Umeme ukiwa sawa, fungua kichwa cha pampu. Ndani kuna vali ndogo za mpira, na takataka ndogo tu huziacha wazi. Kwenye boti ya jamaa yangu mmoja nilikuta kinyweleo cheupe cha plastiki kimelala juu ya vali, mabaki ya siku tangi lilipotobolewa. Nilikitoa kwa kibanio na presha ikarudi palepale. Kama kiwambo, ule utando wa mpira unaosukuma maji, kimepasuka au vali zimekakamaa, pampu nyingi zina vipuri vyake na huhitaji kununua nzima.

Mambo mawili usiguse mapema. Kwanza, skrubu ya swichi ya presha. Pampu nyingi huwaka karibu psi 25 na kuzima karibu 40. Ukiikaza kutafuta nguvu wakati tatizo ni hewa, pampu haitazima kabisa na inaweza kuungua. Pili, lile tangi dogo la akiba ya presha. Haliongezi nguvu ya maji, linapunguza tu pampu kuwaka na kuzima kila mara. Lijaze upepo chini kidogo ya presha ya kuwaka, pampu ikiwa imezimwa na bomba wazi. Ukibonyeza vali yake yakatoka maji, mpira wa ndani umechanika.

Na kama una chujio la mkaa baada ya pampu, liondoe njiani kwa muda uone. Hilo nalo hubana sana likizeeka.

Pampu kubwa kwa sasa iache: itavuta umeme zaidi kwenye waya uleule na kufyonza hewa zaidi kwenye tundu lilelile. Fanya ndoo, pima volti pampu ikizunguka, hakikisha ngama haina maji safi yanayovuja, kisha rudi na majibu uniambie na tangi lilikuwa limejaa kiasi gani.