Bitana ya tairi inazuia mwiba, ila ncha zake nazo hutoboa

Anayelalamika kwamba bitana ya tairi la baiskeli haimsaidii, mara nyingi tatizo ni jinsi alivyoipachika. Ule ukanda wa plastiki unaolala kati ya tairi na tyubu huzuia vizuri miiba, vigae na vipande vidogo vya waya. Msumari mrefu utapita tu.

Kwanza upana. Bitana ifunike sehemu inayokanyaga barabara, isipande ubavuni mwa tairi. Ikiwa pana kupita kiasi, kingo zake hukunjika na kuanza kula tyubu. Ikiwa nyembamba, itahama na kuacha upande mmoja wazi. Soma namba ubavuni mwa tairi, kwa mfano 26 x 1.95, ndipo uchague bitana ya saizi hiyo.

Bandua tairi upande mmoja, toa tyubu, kisha pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima. Kinaponasa, hapo pana mwiba. Uchomoe kwa koleo, usiuache eti bitana itaufunika. Futa pia mchanga uliomo.

Kazi yenyewe iko kwenye ncha. Bitana huzunguka tairi na ncha mbili kupandana sentimita 3 hadi 5. Ile ncha inayogusana na tyubu, ikiwa imekatwa mraba na kuachwa kali, husugua mpira kila gurudumu linapozunguka, na baada ya wiki kadhaa unapata pancha ambayo haina mwiba wala msumari. Kata pembe ziwe mviringo, lainisha ukingo kwa msasa, kisha ufunike kwa kipande cha tyubu kuukuu au utepe wa kitambaa wenye gundi. Maungio yakae mbali na valvu, vizuri zaidi upande wa pili kabisa.

Paka tyubu poda kidogo, itie upepo kiasi cha kupata umbo tu, uiingize, halafu nyoosha bitana katikati kwa vidole kabla ya kurudisha tairi kwenye rimu. Rudisha kwa mikono, kwa sababu chuma cha kubandulia hubana tyubu kirahisi. Jaza upepo nusu, zungusha gurudumu hewani. Ukiona nundu au tairi linayumba, bitana imepinda: toa upepo, anza upya. Likizunguka sawa, jaza hadi kipimo kilichoandikwa ubavuni.

Upepo huo usiupuuze. Tairi legevu huifanya bitana itembee, na ukigonga jiwe, rimu huibana tyubu na kuacha matundu mawili yaliyokaa sambamba. Bitana haiwezi kuzuia hilo. Haizuii pia tundu la upande wa ndani wa tyubu, unaotazama rimu. Huko mkosaji ni kichwa cha spoku au utepe wa rimu uliohama. Kwa hiyo kabla ya kubandika kiraka, linganisha tundu la tyubu na mahali lilipokuwa kwenye gurudumu, ukianzia kwenye valvu. Mchubuko mrefu mahali ncha zinapopandana ni kazi ya bitana yenyewe.

Tyubu kuukuu iliyopasuliwa kwa urefu hufaa kama bitana ya dharura: ni laini, haichubui, ila huzuia miiba mifupi tu. Ukanda uliokatwa kwenye tairi la zamani siushauri, kingo zake ni nene mno. Na tairi kipara, lenye nyuzi zilizoanza kuonekana, linataka kubadilishwa, si kuwekewa bitana.